Huyu Hangoji Mtu

Indianapolis, 3 Septemba 1961

Mdogo wangu Hollis,

Hii ni barua ya tatu tangu Pasaka. Wewe umejibu moja, tena ya nusu ukurasa, na yote ilikuwa habari za mvua. Mvua tunayo hapa hapa Indiana. Mimi nataka habari zako.

Macho ya Mama yamekwisha. Sukari imeyala. Mwezi wa sita alikuwa bado anaona mwanga dirishani. Sasa ananiuliza mimi kama kumekucha. Mguu wa kushoto una kidonda kisichofunga, na daktari ameanza kutaja habari za kuukata. Mama kamwambia alikuja duniani na miguu miwili na ataondoka nayo yote miwili. Daktari akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa.

Anakutaka wewe. Hasemi hivyo, unamjua. Anachosema ni, "Verdell, hivi huko Denmark watu hula nini?" Mara nne kwa siku. Miaka sita sasa, Hollis. Uliondoka ukisema ni ziara ya bendi, miezi mitatu tu. Sikulaumu kwa kubaki. Nayajua mambo ya huku. Lakini njoo umwone. Na ukishindwa kabisa, basi tuma sahani ya santuri akusikie. Anasema akiisikia tarumbeta yako mara moja tu, ataweza kulala.

Mume wangu Elroy na watoto wanakusalimu.

Dada yako,
Verdell


Copenhagen, 21 Septemba 1961

Dada yangu, mkali wa mtaa mzima,

Hiyo ya daktari imenichekesha hadi mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Mwambie Mama huku watu hula samaki wa siki asubuhi, juu ya mkate mweusi mgumu kama soli ya kiatu, na bado wanaishi hadi miaka tisini. Kuku wa kukaanga nimemwona ndotoni tu.

Usinione kimya. Kazi zimenifika shingoni. Jumanne hadi Jumamosi napiga kwenye klabu moja karibu na bandari, Jumapili niko redioni, na mwezi ujao tunakwenda Stockholm. Watu husimama nje kwenye baridi wakingoja nafasi ya kuingia. Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni, hakutaka kitu ila kunishika mkono. Nikimaliza mikataba hii nitakuja. Labda baridi ikipungua.

Sahani hii hapa. Tuliirekodi mwezi wa tano na bendi ya Clemmie Tate, yule mpiga ngoma wa Detroit niliyekuandikia habari zake. Geuza upande wa pili, wimbo wa pili: ni ule wa siku za ubatizo ambao Mama anaupenda. Tarumbeta unayoisikia ni yangu. Jaketi la sahani, lile lenye majina ya wapigaji, lililowa maji, nimelitupa. Mwambie Mama nimempigia yeye.

Wako,
Hollis


Indianapolis, 29 Oktoba 1961

Hollis,

Sahani ilifika bila ufa, lakini humu ndani hakuna kilicho kizima tena. Ngoja nikueleze.

Tuliiweka Jumapili iliyopita baada ya kanisa. Mama alivaa gauni lake la bluu na hereni. Alimwalika Dada Eulalie, karani wa kanisa, na Shemasi Purvis. Mimi nilioka pai ya viazi vitamu. Elroy akashusha sindano, na Mama akaweka kiganja juu ya kisanduku cha gramafoni kama anayemshika mtoto kichwani.

Wimbo ukaisha. Shemasi akasema "Bwana asifiwe." Mama akasema, "Rudia." Tukarudia. Akasema, "Tena." Mara ya tatu akaondoa mkono. "Huyu si Hollis."

Nikacheka. Nikamwambia, "Mama, mwenyewe kaandika kuwa ni yeye!"

"Mwandishi aandike atakavyo. Mimi nasikia. Huyu hangoji mtu."

Unajua alichokuwa akisema. Kanisani kwetu shemasi husoma mstari, kisha wale mama wazee huuvuta wimbo taratibu, kila mmoja kwa pumzi aliyojaliwa. Wewe tangu una miaka kumi na mmoja ulisimama pale kando na tarumbeta yako, ukimngoja Mama Tolliver mwenye pumu afike mwisho wa mstari ndipo uendelee. Mama Tolliver alikufa, na bado ukawa unamngoja. Huyu wa kwenye sahani ni hodari, sikatai, lakini anakwenda kama mtu mwenye treni ya kuwahi.

Elroy akajaribu kusaidia. "Labda Wazungu wa kule wamemfundisha kwenda haraka, Mama."

"Hilo la kungoja mtoto hafundishwi kulisahau," Mama akasema. Kisha akaisukuma pai kando. "Kwa nini mtu atume tarumbeta ya mwingine na kusema ni ya mwanangu? Ni kwa sababu mwanangu hayupo."

Hollis, Mama anaamini umekufa. Anaamini huyo rafiki yako Clemmie ndiye anayeandika barua ili moyo wake usivunjike, na kwamba mimi najua na ninashiriki. Nikimsomea barua zako anasema hata gazeti ningeweza kulisoma nikaliita Hollis. Mwandiko wako hauoni. Tangu Jumatatu amevaa nyeusi.

Mimi sikio langu ni la sufuria, sikutambua lolote. Kwa hiyo niambie ukweli: ni wewe kwenye sahani ile, au si wewe? Na piga simu. Tumeweka simu nyumbani, namba iko nyuma ya karatasi hii.

Verdell


Copenhagen, 8 Novemba 1961

Dada,

Jamani, Mama! Hivi nife halafu nisahau kukuarifu?

Bila shaka ni mimi. Studio si kanisa. Kuna mtu nyuma ya kioo mwenye saa mkononi. Ukichelewa kidogo anakurudisha mwanzo. Mweleze hivyo.

Nimeagiza simu Jumapili tarehe 26, saa tisa alasiri kwa saa za kwenu. Mkalishe karibu. Mwambie avue hizo nguo nyeusi, anajichulia bure.

Hollis


Indianapolis, 27 Novemba 1961
Imeandikwa na Eulalie Banks, kama alivyotamka Mama Ossie Gaither

Kwa kijana aliyenipigia simu jana,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Nadhani wewe ndiye Clemmie, mpiga ngoma. Mwanangu aliwahi kuandika kuwa ulimpa koti lako mwaka wa kwanza, alipofika huko na koti jepesi la Indiana. Mungu akulipe.

Jana ulijitahidi sana. Uliniita Mama vizuri. Ulijua jina la mbwa wetu, na ulijua nilikuwa nikipiga pasi nguo za watu jikoni huku Hollis akifanya mazoezi chini ya meza. Vijana wakiwa mbali husimuliana ya kwao, hilo nalijua. Lakini maneno ya mwanangu hayavuji upepo kama yako. Nilimfundisha kusema mimi mwenyewe, kwa kijiko mkononi, na alisema kila neno likatoka zima. Halafu nikakuuliza kama umekula, ukalia. Mtu aliye hai halii kwa kuulizwa na mama yake kama amekula. Hapo ndipo niliposadiki.

Sina hasira na wewe, mwanangu. Ulifanya kwa wema. Ila naomba unijibu haya kama mtu mzima: amezikwa wapi? Nani alimwosha? Na walimvika soksi? Miguu yake ilikuwa baridi tangu akiwa mchanga.

Verdell bado ananiambia kila siku kuwa yu hai. Mwache. Yeye ndiye anayehitaji kufarijiwa, mimi nimeshajua.

Baada ya kunijibu, usiandike tena kwa jina lake. Umetusaidia vya kutosha.

Mama Ossie Gaither


Copenhagen, 9 Desemba 1961

Verdell,

Sina meno ya mbele.

Nimeanza kuandika barua hii mara sita nikitafuta njia nzuri ya kuliingia jambo hili, na njia nzuri haipo. Januari iliyopita nilikuwa kwenye baiskeli, natoka kununua mkate. Barafu barabarani. Nilianguka uso ukatangulia kwenye ukingo wa jiwe. Manne ya juu, mawili ya chini. Hakuna aliyenipiga, hakuna ugomvi wa kusimulia. Mkate tu.

Tarumbeta huegemea meno, dada. Midomo peke yake haibebi kitu. Daktari alinipa meno ya plastiki ya muda. Nikipuliza yanaangukia ulimini, na kinachotoka ni kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Clemmie alinivumilia miezi miwili, akaona aibu kunifukuza, basi nikajifukuza mwenyewe. Nafasi yangu anayo Preben, kijana wa hapa hapa. Kwenye sahani ni yeye. Wimbo ule nilimfundisha mimi, nota kwa nota, chumbani kwangu. Sikumfundisha kungoja, kwa sababu sikujua kuwa nilikuwa nangoja.

Hakuna klabu. Hakuna Stockholm. Nanakili nota za bendi ya redio, nakaa dirishani na kalamu kuanzia asubuhi. Sokoni hakuna aliyenisimamisha.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Siku naondoka Mama alinisindikiza stesheni akamwambia mkata tiketi, "Huyu anakwenda kuwapigia wafalme." Mkata tiketi hata hakuinua kichwa, lakini mimi nilisikia. Nikafikiri nitapata meno mapya, midomo itajifunza upya, na hakuna atakayejua. Uongo wa kwanza ulikuwa mdogo, kisha ukadai mwenzake.

Barua ya Mama ninayo hapa. Sijamjibu. Mtu ajibu vipi swali la soksi? Mwambie wewe. Mwambie yote, usinifichie chochote.

Hollis


Indianapolis, 7 Januari 1962

Mdogo wangu,

Nimelia, nimekutukana, nimekuombea, sasa naandika.

Mwaka mzima, Hollis! Ungeandika mstari mmoja tu, "dada, nimevunjika meno," ningekucheka wiki moja, kisha ningekuja kukuchukua kwa mkono. Wewe ukaona heri kumpa mama yako sauti ya mtu mwingine. Unadhani Mama alikupendea tarumbeta? Alikuwa akiivumilia ile tarumbeta! Alikuwa anataka nyumba ikae kimya kama za watu wengine.

Nilimsomea barua yako yote, neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka, kicheko cha kwanza tangu Oktoba. "Umetunga vizuri, Verdell. Ila baiskeli umekosea. Hollis hakuwahi kupanda baiskeli maisha yake." Na ni kweli, hukuwahi kuwa nayo! Nikamwambia kule kila mtu anapanda, hata wachungaji. Akanipapasa mkono, akasema nisijichoshe.

Leo ndiyo Jumapili ya kwanza ya mwaka, siku ya kusoma majina ya waliotangulia. Nilidhani nimemdhibiti, nimekaa naye bega kwa bega. Shemasi Purvis alipomaliza orodha yake akauliza kama kuna aliyesahauliwa. Mama akainuka na fimbo yake. "Hollis James Gaither, mwanangu. Alikufa ugenini." Kanisa zima likasema amina. Nikasimama nami, nikapiga kelele kuwa si kweli, yu hai, ana barua! Wamama wa kanisa wakanishika mabega wakanikalisha, wakinipepea. Walidhani ni uchungu. Mmoja akaninong'oneza, "Lia, binti, usijizuie."

Mguu umekuwa mweusi hadi kwenye enka. Bado anakataa kisu.

Kwa hiyo njoo. Sasa hivi. Huhitaji meno, Hollis, Mama haoni! Ataweka mkono kisogoni kwako, ataligusa lile kovu la pasi iliyokuangukia chini ya meza, na mambo yataisha hapo hapo. Njoo bila meno, njoo bila viatu ukipenda. Usinijibu kwa barua, jibu kwa kugonga mlango.

Verdell


Copenhagen, 17 Januari 1962

Dada yangu,

Nakuja. Nimekata tiketi ya meli inayoondoka Gothenburg tarehe 12 Februari. Usikasirike kwa tarehe kabla hujanisikiliza.

Daktari wa meno ameshachukua kipimo. Meno haya si ya plastiki ya muda, ni ya kudumu, yamefungwa kwenye dhahabu kwa nyuma, na yatakuwa tayari tarehe 9. Anasema nitasema kama zamani. Huenda hata nikapuliza mistari miwili ya polepole.

Najua haoni. Najua habari ya kovu. Lakini wewe hukuwa upande huu wa simu. Mwanzo aliniita mwanangu. Nikasema maneno matatu, manne, na nikamsikia anabadilika. Akawa mpole. Akaniita bwana. Mama yangu mwenyewe, Verdell, akanishukuru kwa kupiga simu, kama anavyomshukuru mtu wa posta. Nikimsikia akiniita bwana tena, nami nimesimama chumbani mwake, sitaondoka mzima. Nataka nifungue mlango niseme "Mama, ni Hollis," na kila neno litoke zima.

Siku ishirini na tatu tu za meno, kisha safari. Mwambie anivumilie. Amenivumilia miaka sita.

Hollis


SIMU YA MAANDISHI
Indianapolis, 7 Februari 1962
MAMA AMEFARIKI LEO ASUBUHI. MAZISHI JUMAMOSI. PANDA NDEGE. VERDELL


SIMU YA MAANDISHI
Copenhagen, 8 Februari 1962
SIWEZI. TIKETI NIMEIRUDISHA. MZIKENI. NISAMEHE. HOLLIS


Indianapolis, 18 Februari 1962

Hollis,

Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya ibada ya mazishi. Picha ya mbele ni ile ya harusi ya Shemasi, Mama akiwa na kofia ya manyoya. Fungua ukurasa wa pili, kwenye wasifu. Maneno yote ni yake, alimtamkia Eulalie mwezi wa kumi na mbili akamwambia ayahifadhi kwenye droo ya ofisi; kilichobaki ilikuwa tarehe. Utaona palipoandikwa, "Ametanguliwa na mumewe, Rufus, na mwanawe wa kiume, Hollis James. Ameacha binti mmoja."

Ningeweza kubadilisha. Eulalie aliniuliza, kalamu mkononi: "Nifanyeje hapa, Dada Verdell?" Yeye ndiye pekee mwenye shaka pale kanisani, kwa kuwa aliwahi kukuandikia kwa mkono wake. Nikafikiri, nikiweka kuwa ameacha mwana aishiye Copenhagen, kila mtu atageuka kutazama benchi la mbele. Nikamwambia aache kama ilivyo. Basi watu mia mbili waliisoma na kuikunja na kuiweka ndani ya Biblia zao.

Sijui kama nina hasira na wewe. Nimeitafuta, naikuta wiki hii na kuipoteza wiki hii hii. Lakini kuna jambo la Jumanne, siku moja kabla hajafa, na lazima nikwambie kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu.

Tangu apate hakika kuwa umekufa, Mama hakuogopa tena. Alikuwa akiogopa kifo, Hollis, hukujua hilo. Miaka yote anaimba habari za mbinguni na kumbe alikuwa anaogopa. Tangu Novemba akawa anajiandaa kama mwenye safari. Alichagua gauni la kijani. Alinitaka nipige viatu rangi. Homa ilipopanda na mguu kutoa harufu, bado alikuwa akitabasamu.

Jumanne alasiri akanishika kifundo cha mkono. Hungeweza kudhani mkono ule una nguvu hizo. Akaniambia, "Verdell, leo usinifariji. Niambie kweli tupu. Nisije nikafika kule, nikamtafuta kote, nisimwone. Hollis yuko huko au hayuko?"

Nilihesabu siku, nakuapia. Nilikuwa na barua yako mfukoni mwa aproni. Meli yako ilikuwa haijaondoka hata bandarini. Nikamtazama usoni, na nikaona kwa mara ya kwanza tangu vuli kuwa ameogopa.

Nikasema, "Yuko huko, Mama. Amekutangulia."

Akauachia mkono wangu. Akasema, "Asante, binti yangu. Nilijua siku moja utaniambia." Kisha akaomba kitana, nikamchana nywele, akalala. Miezi mitatu na zaidi nilimwambia kila siku kuwa u hai, naye alinihurumia. Kati ya yote tuliyomwambia, mimi na wewe, aliamini hilo moja.

Aliondoka asubuhi Elroy akiwa anawasha jiko. Hakuhangaika hata kidogo.

Shemasi Purvis ameniuliza kama kaburi lako kule linatunzwa. Nimemjibu kuwa liko mahali pazuri, karibu na bandari, na rafiki yako hulipalilia. Yalinitoka yenyewe.

Ukija, Hollis, njoo katikati ya juma. Jumapili kanisa zima hupita mbele ya nyumba yangu, na wote walishakuombea upumzike.

Dada yako,
Verdell